Wewe Anza, Mtoto Amalize: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Watoto Wenye Mahitaji Maalum

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wazee wangu mliokaa pale mbele shikamooni. Nawashukuru walioandaa huu mkutano, na nawashukuru zaidi nyie kina mama mliotoka Muheza, Pangani na huko Mkinga na watoto mgongoni, maana najua kumpandisha kwenye daladala mtoto wa miaka tisa ambaye hawezi kukaa mwenyewe ni shughuli, alafu konda anakuangalia kama umembebea mzigo, kwaiyo mkishafika mpaka hapa mi sina haki ya kuwapotezea muda.

Kwa ambao hatujuani, mi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi wakisikia tiba wanajua vidonge na sindano, tiba yangu mimi ni shughuli, yani namsaidia mtoto kula mwenyewe, kuvaa, kucheza, kushika penseli, na njia ninayoipenda kuliko zote ni kazi za mikono, udongo, shanga, matambara, ukili, yani ule msuko wa majani ya mkindu. Watoto wangu ni wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, Down sindromu, viziwi, wasioona, na wapo ambao mpaka leo hali yao haina jina, mama anajua tu kwamba huyu hayuko kama wenzake.

Nimeombwa niongelee kazi za mikono kama tiba na nitaongelea, ila kuna jambo moja linaniuma na ningependa mkisahau mengine yote hili mbaki nalo. Tunawamalizia watoto kazi zao.

Ikifika tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, nendeni kwenye mabanda ya maonyesho. Mtakuta vikapu, bangili, kadi, mikeka midogo, vyote vimenyooka safi, vinapendeza. Chukua kimoja, muulize mwalimu kwa upole, hapa mtoto kafanya wapi? Mara nyingi atakuonyesha kipande cha katikati. Mwanzo kaanza mwalimu kwasababu mtoto hawezi, mwisho kafunga mwalimu kwasababu mtoto hawezi, na palipopinda pamefumuliwa jana yake usiku pakasukwa upya maana mgeni rasmi anakuja. Siwalaumu walimu, mwalimu wa kitengo cha mahitaji maalum ni mmoja na watoto wa aina zote darasa moja, vifaa hana, na anajua kikapu kilichopinda hakuna atakayekinunua. Ila mtoto anaona jamani. Hata asiyeongea anaona kwamba kile alichofanya kimefumuliwa. Na anachojifunza siku hiyo ni kwamba mikono yake haifai, somo ambalo dunia inamfundisha kila siku bila sisi kuongezea.

Nirudi nyuma kidogo mjue haya mambo yametokea wapi. Jina la tiba ya sanaa lilianza Uingereza mwaka 1942 na mchoraji mmoja, Adrian Hill, ambaye alilazwa kwa kifua kikuu akawa anachora kitandani, akaona inamsaidia, akaanza kuwashawishi na wagonjwa wenzie. Mwaka huohuo 1942, upande mwingine wa vita vya pili vya dunia, msanii Myahudi mzaliwa wa Vienna anaitwa Friedl Dicker-Brandeis alipelekwa na Wanazi kwenye geto la Terezin, sehemu walipofungiwa Wayahudi, nchi ya Wacheki. Mle kulikuwa na watoto waliotenganishwa na wazazi wao, wana njaa, wanaona wenzao wanapandishwa treni na hawarudi. Vifaa hakuna, akawa anaokoteza karatasi za ofisini zilizokwisha tumika, watoto wanachana, wanabandika, wanachora, na alikuwa anasisitiza kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake. Fikiria hilo, sehemu ambayo binadamu kageuzwa namba, mama huyu anamwambia mtoto andika jina lako hapo. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa. Michoro kama 4,500 ya wale watoto ilibaki kwenye masanduku na leo iko makumbusho ya Wayahudi kule Prague. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, Edith Kramer, alikuwa ameshakimbilia Marekani tangu 1938, na yeye ndo akawa mmoja wa watu waliojenga tiba ya sanaa kwa watoto New York. Kwaiyo tunapoongelea hii tiba msidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi na rangi za bei mbaya, kwa watoto ilikuzwa na mtu aliyekuwa hana kitu zaidi ya karatasi chakavu, na kanuni yake mojawapo ilikuwa kazi ni ya mtoto na jina ni la mtoto.

Sasa nisikilizeni kwa makini hii inayofuata, ndo naipenda kuliko zote.

Mwaka 1943 jimbo la Ohio, Marekani, walizaliwa mapacha, Judith Scott na Joyce Scott. Judith alikuwa na Down sindromu, Joyce hakuwa nayo. Wakacheza pamoja, wakalala kitanda kimoja, mpaka walipofika miaka saba Judith akapimwa ikaandikwa kwamba huyu hafundishiki, akapelekwa kwenye taasisi ya serikali, Joyce kaamka asubuhi pacha wake hayupo. Kumbe Judith alikuwa kiziwi. Hakuna aliyejua. Walimuuliza maswali hakujibu wakaandika hana akili, na ukiziwi wake ulikuja kugundulika baadae sana. Alikaa kwenye taasisi miaka kama 35. Mwanzoni kule kulikuwa na siku alishika kalamu ya rangi akataka kuchora, akanyang'anywa, wakasema akili yake haitoshi kuchora.

Katikati ya miaka ya 80 Joyce akapambana kisheria akamchukua pacha wake akampeleka California kuishi naye. Mwaka 1987 akamuandikisha kwenye kituo kinaitwa Creative Growth, mji wa Oakland, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu, wanaingia asubuhi wanakuta meza, rangi, udongo, nyuzi, kila mtu anafanya analotaka, na wafanyakazi ambao ni wasanii wanasaidia pale wanapohitajika tu. Judith akapewa rangi na karatasi. Akachorachora mistari bila hamu yoyote. Wiki, mwezi, mwaka, karibu miaka miwili, hamna kitu. Nawauliza walimu wenzangu, sisi tungesubiri miaka miwili? Miezi miwili tu tungeshasema huyu hapendi sanaa, mpeleke akafagie.

Wao wakasubiri. Siku moja akaja msanii wa nyuzi, Sylvia Seventy, kufundisha darasa. Judith hakufanya kilichokuwa kinafundishwa. Alichukua vijiti, akaanza kuvizungushia nyuzi, anazungusha, anafunga, anaongeza kitu kingine anazungusha tena, na hakuna aliyemwambia acha hiyo, sio hivyo, angalia mwenzio anavyofanya. Kuanzia hapo hakusimama mpaka anafariki 2005. Aliacha kazi zaidi ya 200, zingine kubwa kuliko yeye mwenyewe, ndani yake kuna vitu alivyookota palepale kituoni kavifunga huko katikati, na yeye ndo alikuwa anaamua lini kazi imeisha, akiisukuma pembeni imeisha, hamna wa kumwambia bado. Mwaka 2014 Brooklyn Museum ya New York ilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake. Huyu ndo yule aliyeandikwa hafundishiki.

Najua kuna mzazi anawaza, huyo ni mmoja, tena Marekani, tena ana kipaji. Ni kweli, watoto wetu wengi hawatafika makumbusho yoyote na wala sio lengo. Mi nachotaka muone ni kile walichofanya wale watu wazima waliomzunguka. Waliweka vitu mezani, wakatulia, na alipoanza jambo lake hawakuliingilia. Hilo halihitaji dola. Linawezekana Pongwe, linawezekana barazani kwako.

Tuje kwenye mikono sasa maana wengi mnauliza, haya mashanga na udongo yanasaidia nini hasa kwenye mwili.

Chukua udongo wa mfinyanzi. Mtoto mwenye Down sindromu kwa kawaida misuli yake ni milegevu, vidole vifupi, viungo vinajikunja kupitiliza. Akiukandamiza udongo, akiufinya, akiupiga mezani, misuli ya kiganja inapata kazi nzito bila yeye kuona anafanyishwa mazoezi, na baada ya muda utaona anashika kijiko vizuri, anafunga kifungo cha shati la shule. Mtoto mwenye usonji naye ule uzito wa udongo unapeleka taarifa kwenye viungo vyake, wengine wanatulia kabisa wakishakanda. Ila wapo ambao kitu chenye majimaji kikiwagusa kidole ni kama wameunguzwa, wanapiga kelele, wanakimbia, na mama anaona aibu anamshika mkono kwa nguvu anauzamisha kwenye udongo ili azoee. Usifanye hivyo mama yangu. Hiyo karaha yake ni ya kweli, haigizi. Anza na vitu vikavu, mchele, mchanga, maharage kwenye beseni, aingize kidole kimoja akitoe. Kisha udongo utie ndani ya mfuko wa plastiki ufungwe aufinye akiwa hagusi. Siku akitaka kufungua mfuko atafungua mwenyewe. Asipofungua pia tunaendelea na mfuko.

Mwenye mtindio wa ubongo shida yake mara nyingi ni misuli iliyokaza, na hapa kabla hujaleta kazi yoyote angalia kwanza kakaaje. Miguu inagusa chini? Mgongo una egemeo? Meza iko usawa wa viwiko? Mtoto anayepambana asidondoke hana mkono wa kusuka. Kiti cha mbao cha fundi wa mtaani chenye mkanda wa kanga kiunoni kinatosha kabisa kwa wengi. Kisha brashi na penseli zinenepeshe, zungushia kitambaa au kipande cha sponji ya godoro ufunge na mpira, karatasi ibandike mezani na selotepu isikimbie. Mkono wake dhaifu usiusahau, hata kama hauwezi kusuka, uwe wa kushikilia, uwe juu ya karatasi, uwepo kwenye kazi, maana mkono ukiachwa nje ya kila shughuli mwisho na mtoto mwenyewe anausahau.

Kiziwi kaa mbele yake akuone uso na mikono, usimuelekeze ukiwa nyuma. Asiyeona mpe vitu vinavyotofautiana kwa mguso, gunia, kitenge, ukili, kifuu cha nazi, na mabadiliko yoyote ya vifaa mezani mwambie kabla.

Sasa njia yenyewe ya kufundisha. Tumezoea kumpa mtoto hatua ya kwanza aanze yeye, akishindwa tunamalizia sisi. Geuzeni. Wewe anza, yeye amalize. Nitaieleza kwa shanga za karatasi, zile wenzetu wa Uganda wamezifanya biashara kubwa. Unachukua gazeti au kalenda ya zamani yenye rangi, unakata pembetatu ndefu nyembamba, unaiviringisha kwenye kijiti, chelewa ya fagio inafaa, kuanzia upande mpana kwenda kwenye ncha, unapaka gundi nchani, unabana, unachomoa kijiti, umepata shanga. Siku ya kwanza wewe fanya yote, uache kuchomoa kijiti tu. Mpe mtoto achomoe. Hicho ndo kipande chake, na ndo kipande kitamu maana shanga inazaliwa mkononi mwake. Mara nyingi ya kwanza ataichungulia tundu, anacheka, anataka nyingine. Akishakuwa fundi wa kuchomoa, mwachie na gundi, apake na achomoe. Kisha mwachie mzunguko wa mwisho. Kisha yote ya kuviringisha. Mwisho kabisa ndo anafika kwenye kukata na kuanza, ambapo ndo pagumu, na kwa wengine mkasi hautafika kabisa na hamna neno. Tofauti yake ni kwamba kuanzia siku ya kwanza mtoto alikuwa anamaliza. Kila akikaa pale anaondoka na kitu kilichokamilika na mkono wa mwisho kukigusa ulikuwa wake.

Kuna mtoto mmoja wa usonji nilikuwa naye, haongei, alikuwa anachomoa vijiti na kupanga shanga kwa rangi mstari mmoja mrefu sakafuni, hatungi, anapanga tu. Watu wazima tulimzunguka tukimuonyesha uzi, kila mmoja na uzi wake. Bibi yake akatuambia muacheni, hiyo ndo kazi yake. Na kweli ndo ilikuwa kazi yake. Tukaja kumpa ubao wenye gundi akapanga juu yake, mstari ukabaki, akawa anauendea kila asubuhi kuangalia kama upo.

Kuhusu kusaidia, najua mikono yenu inawasha, ya kwangu pia inawasha, kuona mtoto anahangaika na uzi na wewe ungeupitisha sekunde moja. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kwanza, wengi wanahitaji muda tu taarifa ifike. Akikwama bado, onyesha kwa kidole. Bado, chukua kazi yako wewe mwenyewe ufanye taratibu akiona, usiguse ya kwake. Ukifika mahali lazima umguse, shika kiwiko au kifundo cha mkono, vidole waachie wenyewe. Na akisema hataki, iwe kwa mdomo, kwa ishara au kwa kukisukuma mbali, hataki ni hataki, maana mtoto ambaye maisha yake yote anavalishwa, analishwa, anabebwa, huenda hapo ndo mahali pekee ambapo neno lake linasikilizwa.

Sasa ukili. Hapa pwani tuna hazina na tunaipita kila siku tunaenda kutafuta vifaa vya kununua. Angalieni kazi ya ukili ina hatua ngapi, kukata miyaa, kuianika, kuichana iwe chane nyembamba, kuchemsha na rangi, kulowesha isivunjike, kuanza, kusuka, kuongeza chane, kupunguza mabaki, kisha kushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mpaka iwe mkeka au kawa au kikapu. Kazi yenye hatua nyingi hivyo ina nafasi ya kila mtoto. Yupo wa kulowesha, anayependa maji. Yupo wa kutenganisha chane za rangi, na huyu wa usonji anaweza kuwa bora kuliko mtu mzima yeyote hapa. Yupo anayeweza kushikilia ncha ya ukili mwenzie anavyosuka, na nimeona watoto wawili ambao hawakuwahi kuangaliana usoni wakilazimika kuangaliana kwasababu ukili umewaunganisha. Anayejifunza kusuka tusimuanzishe na chane nyingi, aanze na msuko wa tatu kama wa nywele, matambara mapana ya kanga kuukuu, rangi tatu tofauti, ncha ifungwe kwenye mguu wa kiti, unamwambia nyekundu katikati, nyeupe katikati, bluu katikati. Mikono miwili inafanya kazi pamoja, kila mkono unavuka kwenda upande wa mwenzake, macho yanafuata, na wimbo wa rangi unampa mpangilio. Bibi zetu hawajasomea haya ila wanayafanya, na ndo maana leo nimeomba waje.

Usalama nitapita haraka ila msipite nao haraka nyumbani. Mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe shanga ndogo, mpe vifuniko vya chupa vikubwa vilivyotobolewa, asiachwe peke yake hata hivyo. Sindano sio lazima, ncha ya uzi ikizungushiwa selotepu inapita. Mwenye kifafa asikae karibu na sufuria la rangi inayochemka wala asiachiwe mkasi mkali. Rangi za kupaka nyumba usiwape, zingine zina madini ya risasi na hayo yanaharibu ubongo wa mtoto, tumieni manjano, hina, choya, mkaa uliosagwa, gundi pikeni ya unga wa muhogo au ngano. Na muda uwe mfupi, dakika kumi mpaka ishirini, afadhali aache akiwa bado anataka.

Kuna mambo siwezi kuwaahidi. Udongo hauondoi usonji, na mtu akikwambia anaponya usonji kwa shanga au kwa mafuta au kwa chochote, linda hela yako. Mtindio wa ubongo nao haufutiki. Tafiti za tiba ya sanaa kwa watoto hawa nyingi ni ndogo, zinaonyesha dalili nzuri kwenye mawasiliano na utulivu lakini hazijafikia kusema hakika. Na mi sio mtaalamu wa tiba ya sanaa kwa maana ile ya Uingereza ambako hilo jina linalindwa kisheria na mtu anasomea shahada ya uzamili, kwaiyo mtoto aliyeumizwa, aliyebakwa, anayejiumiza, akianza kutoa mambo mazito kupitia mchoro, mi simchimbi, namuunganisha na mtaalamu wa afya ya akili na ustawi wa jamii. Mwalimu na wewe fanya hivyohivyo. Usimuulize mtoto maswali ishirini kuhusu mchoro mweusi, pengine rangi zingine zilikuwa zimeisha, ila ukiona kitu kinajirudia mwambie mtu.

Kuna swali nililetewa hapa kwenye karatasi, je watapata kipato? Ni swali la haki kabisa, mzazi anawaza nikifa huyu atakula nini. Mifano ipo. Iringa kuna Neema Crafts, ilianza 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, leo ni karakana kubwa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, unaagiza kwa alama. Mombasa kuna Bombolulu tangu 1969, mapambo, ngozi, kuchonga, kushona, watu wenye ulemavu wamesomesha watoto wao pale. Mi naheshimu sana hizo kazi. Lakini wale ni watu wazima, wamechagua, wanalipwa. Mtoto wa miaka minane sio kiwanda. Saa ya tiba ikishakuwa saa ya kutimiza oda ya vikapu, mwalimu ataanza kufumua palipopinda, hana namna, oda ni oda. Tenganisheni. Kijana akikua, mikono imekomaa, anataka, apelekwe ufundi afundishwe ubora na bei. Kabla ya hapo kikapu kikipinda kiache kipinde.

Na hii sio huruma, ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, ibara ya 30 inazitaka nchi ziwape watu wenye ulemavu nafasi ya kukuza na kutumia uwezo wao wa ubunifu na sanaa, na inasema wazi kwamba faida ni yao na ni ya jamii nzima. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Kwaiyo mwalimu mkuu akikwambia kipindi cha sanaa kwa kitengo ni cha kupoteza muda, mwambie kwa heshima kabisa kwamba ni wajibu. Viongozi mlioko hapa, ombi langu kwenu kwa ajili ya Desemba ni moja, mkitembelea mabanda ulizeni mtoto mwenyewe yuko wapi na alifanya wapi, na mkikuta kilichopinda kinunueni hicho. Walimu wakiona kilichopinda kinanunuliwa wataacha kufumua usiku.

Nyumbani msisubiri mimi. Unga wa chapati ni udongo tosha, mkatie donge lake akande, akimaliza lipikwe hilohilo lilivyo na aliwe yeye au baba yake, lisirudishwe kwenye beseni kukandwa upya. Kuchambua mchele ni mazoezi ya vidole viwili kuliko kifaa chochote nilichonacho ofisini. Fundi cherehani wa mtaani ana gunia la vipande vya vitenge anavitupa, muombeni. Kina baba, gari la waya na makopo lenye matairi ya ndala mlilitengeneza wenyewe mkiwa wadogo, huo ufundi mnao, kaeni na mtoto, wewe kunja waya, yeye aweke matairi.

Na kila kazi iwe na jina lake. Asiyeweza kuandika achovye kidole gumba kwenye rangi apige alama, jina wewe uandike pembeni kwa herufi ndogo.

Nimesema ya kutosha, tuingie kazini. Pale chini ya mwembe kuna mikeka mitatu. Wa kwanza ni wa bibi wa ukili, chane zimeshaloweshwa, matambara ya msuko wa tatu yamefungwa tayari kwenye viti. Wa pili ni udongo, na pembeni yake kuna mabeseni ya mchele kwa wasiotaka kuloa. Wa tatu ni shanga za karatasi, huko wanaotia vitu mdomoni wasiende, wana meza yao ya vifuniko karibu na mlango. Watoto wa viti vya magurudumu tumewatolea meza za ndani, zina urefu unaofaa. Mzazi chukua kazi yako mwenyewe ukae mbele ya mtoto, usikae nyuma yake, na vitakavyotoka leo hatutavikusanya, kila mtoto anaondoka na chake.